Barua kwa Mwanangu Anayeanza Uhadhiri

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba umeteuliwa kuwa mhadhiri wa kemia. Unaniuliza uelekeze nguvu zako wapi, katika kufundisha au katika utafiti, kwa kuwa wenzako wamekwambia kwamba cheo hupandishwa kwa makala zilizochapishwa na kwamba darasa humla mtu muda wake bure. Kuhusu cheo hawakukosea. Kuhusu darasa sikubaliani nao hata kidogo.

Mwanafunzi atakuletea grafu ambayo nukta zake zote zimekaa vizuri kwenye mstari isipokuwa moja, naye atakuomba ruhusa ya kuifuta. Usimkemee wala usimkubalie. Keti naye, mfungue daftari lake la maabara, mwangalie mizani ilisawazishwa lini na sampuli ile ilitoka chupa gani, kisha arudie kupima. Mara nyingi mtakuta kosa la kawaida, nalo liandikwe kwa wino, na palipokosewa papigwe mstari mmoja tu ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka. Mara chache hamtaona kosa lolote. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alipopima nitrojeni ya hewani aliikuta nzito kuliko ile iliyotengenezwa kutokana na misombo ya kemikali, kwa tofauti ya takriban nusu ya asilimia 1. Angeweza kuipuuza, badala yake, mwaka 1892, aliwaomba wanakemia waziwazi, katika jarida la Nature, wamsaidie kuieleza. Mwaka 1894 yeye na mwanakemia William Ramsay walitangaza arigoni, gesi ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta na ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua. Uangalifu wa namna hiyo mwanafunzi huupata kwa kumwona msimamizi wake akiutenda, na kwa hiyo saa hiyo moja mezani ni kufundisha na ni utafiti kwa pamoja.

Mengine utayazoea: vikao vya idara, rundo la mitihani ya kusahihisha, maombi ya ruzuku ambayo mengi hukataliwa. Maoni ya wahakiki wa makala yako, hata yakiwa makali, yasome, yaweke kando siku mbili tatu, ndipo uyajibu hoja kwa hoja.

Lakini rasimu ya tasnifu isikae mezani kwako miezi. Hapa sina upole, kwa sababu nimewaona vijana hodari wakiacha masomo ya uzamivu si kwa kushindwa na sayansi, bali kwa kusubiri msimamizi asome sura moja huku ada ikiendelea kudaiwa na ufadhili ukielekea kwisha. Afadhali ukose kikao kuliko kumchelewesha mtu ambaye maisha yake yamesimama kwa ajili ya saini yako.

Nitumie maandalizi ya mihadhara yako ya kwanza, hasa ule wa makosa ya vipimo, niyapitie kabla muhula haujaanza.

Akupendaye,
Mama yako