Risala ya Wanafunzi Wachoraji wa Katuni kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na karibuni sana.

Kikundi chetu kina wanachama kumi na mmoja na meza moja. Tulipoanza, tulichora kama Rodolphe Töpffer wa Geneva alivyochora miaka ya 1830, wala hatukuwa tunamjua: picha juu, maelezo chini. Picha inaonyesha bibi anabangua korosho; chini yake tumeandika, "Bibi anabangua korosho." Mwalimu wetu alicheka hadi akavua miwani.

Mwishoni mwa karne ya 19, katuni za magazeti ya Marekani zilizoea kuyapandisha maneno ndani ya picha, kwenye kiputo, mhusika akasema kwa kinywa chake. Wazazi waliokua na Chakubanga wa gazeti la Uhuru, au Lodi Lofa na Madenge wa jarida la Sani, raha hiyo wanaijua kuliko sisi.

Ila somo lililotusumbua ni kunyamaza. Osamu Tezuka wa Japani, kuanzia miaka ya 1940, alilikatakata tendo moja kwenye fremu nyingi kama sinema. Basi tukamrudia bibi. Fremu ya kwanza: vidole vilivyopakwa majivu. Ya pili: ganda linapasuka, mafuta yanaruka. Ya tatu: jicho tu, limefumbwa. Neno hakuna. Mama mmoja aliyeitazama alijishika kidole. (Wazee wetu wa Kimakonde, tuseme kweli, hata fremu hawakuzihitaji: ukoo mzima umepandana kwenye gogo moja la mpingo, nawe unausoma kwa kulizunguka.)

Siku hizi hadithi zimehamia kwenye simu. Wachoraji wa Korea Kusini wamezoesha watu ukurasa mmoja mrefu unaoteremshwa kwa kidole, na nafasi tupu kati ya picha mbili ndiyo muda wenyewe. Ukitaka msomaji asubiri, mwachie nafasi. Sisi tunasubiri simu ya mwalimu. Tunaipiga picha karatasi, na kila ukurasa unatoka na kivuli cha mkono wa mtu pembeni.

Mheshimiwa, tunaomba kishikwambi kimoja cha kuchorea. Kikishindikana, rimu mbili za karatasi na wino mweusi usiochuja, maana unyevu wa pwani hii unatuharibia kazi usiku kucha. Bibi bado ana fremu arobaini za kubangua.

Naomba kuwasilisha.