Wazee wapimwe na mawazo, si presha peke yake

Ndugu Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu zoezi la kuwapima wazee afya bure nimeisoma hadi mwisho. Presha imo, sukari imo, macho na meno yamo, hata vyandarua vimetajwa. Mwanasaikolojia hayumo. Nimenunua gazeti hili miaka mingi bila kuandika lolote. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa, amevuka miaka 80, na darasani hakuwahi kuketi. Baada ya kumzika mama alipunguza kula, akiulizwa hajibu, usiku anatoka na kuzunguka kihambani, shamba letu la nyumbani. Tukampeleka hospitali. Kijana aliyetupokea hakumwamkia. Maneno yote alinielekezea mimi, na baba ameketi pale pale anasikia. Akampa kalamu achore saa. Kisha akamtaka atoe 7 kwenye 100, atoe 7 tena, aendelee hivyo hivyo. Mzee ambaye maisha yake yote amepima mazao kwa debe na hajawahi kushika kalamu! Alipokaa kimya, ikaandikwa kwamba amepoteza kumbukumbu, nami nikaambiwa, "Mama, huo ni uzee tu, mvumilieni." Tukarudi na vitamini na vidonge vya usingizi. Vidonge vikamlegeza, akaanguka, akavunjika mkono. Majirani nao wakaanza kunong'ona kuhusu mzee anayetembea usiku, na sote tunajua minong'ono ya namna hiyo imewafikisha wapi wazee wa Shinyanga na Geita: bibi zetu wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi.

Aliyetuokoa ni binti mmoja mwanasaikolojia, rafiki wa mwanangu, aliyekuja kututembelea likizoni. Alimpa shikamoo yake, akakaa naye barazani siku kadhaa wakizungumza ng'ombe, mvua, bei ya kahawa, mwishowe mama. Ndipo tukajua. Mama alipokuwa mgonjwa, baba ndiye aliyeamka kila usiku kumgeuza asipate vidonda. Mwili wake ulishazoea: anaamka saa ile ile, anakuta kitanda kitupu, hawezi kubaki ndani. Kumbukumbu zake zilikuwa salama kabisa. Ilikuwa sonona, ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Mzee mwenye sonona anaweza kuonekana kama aliyepoteza kumbukumbu, na sonona ina tiba. Kuyatenganisha haya mawili kunahitaji mtu aliyesomea.

Wala tusiambiwe hakuna vipimo vinavyotufaa. Wilaya jirani ya Hai, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Huko huko Hai kikaandaliwa kipimo cha kumfaa hata asiyejua kusoma: mzee anapanga njiti za kiberiti, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa daraja ni kitu gani. Na wale waliokutwa na demensia kweli hawakuachwa. Walikusanywa katika vikundi kwa wiki 7, wakizungumza na kufanya shughuli za kuchangamsha akili, na wakapata nafuu ya kumbukumbu na ya wasiwasi. Yote haya yamefanyika Kilimanjaro, halafu baba yangu anapewa kalamu achore saa!

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na hili. Mzee wa Zanzibar akifikisha miaka 70 analipwa pensheni, tangu Aprili 2016, hata kama hakuajiriwa popote. Huku Bara, mkulima aliyeiletea nchi fedha za kigeni kwa mgongo wake anasubiri watoto wamtumie hela ya sabuni kwa simu. Mtu akikaa hivyo mwaka baada ya mwaka, mawazo yatakosaje kumla?

Ninachotaka ni hiki. Kila hospitali ya wilaya iajiri mwanasaikolojia, na siku za gulio ashuke hadi zahanati iliyo karibu na soko, maana siku hiyo wazee wanatoka nyumbani. Akae nje kwenye benchi, kwa sababu mzee wa kwetu hataingia chumba kilichoandikwa afya ya akili mlangoni. Awe na kiberiti chake, aanze na shikamoo, asiwe na haraka. Na vidonge vya usingizi asipewe mzee yeyote kabla mtaalamu huyo hajakaa naye.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi