Barua kwa mdogo wangu wa Mwanza: kiwanja kisiuzwe, tupige kwanza hesabu ya alama

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla ya salamu, mwambie mama mdogo asiuze kile kiwanja cha Buswelu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila nilipofika pale unaposema kuna wakala mjini anayedai malipo ya awali ili akupatie "nafasi ya Kanada", nilibonyeza kusimamisha nikapumua kwanza. Hapa Winnipeg tu wazima. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi, jina lako nikilihifadhi, kwa kuwa swali hilo hilo nimeulizwa na wengi, na kwa kuwa huyo wakala naye akitaka kuisoma, aisome.

Nafasi ya Kanada haiuzwi. Nchi hii ilianza kuwapima wahamiaji wenye ujuzi kwa alama mwaka 1967, na tangu Januari 2015 maombi ya aina yako yanapitia mfumo wa mtandaoni uitwao Express Entry, ambao kufungua wasifu ndani yake hakulipiwi hata senti. Wakala hana alama ya kukuongezea. Hiyo barua ya ajira anayokuahidi kwamba itakupandisha, zamani ilikuwa na uzito kweli, lakini tarehe 25 Machi 2025 alama zake ziliondolewa katika upangaji wa ushindani, kwa hiyo anakuuzia bidhaa iliyokwisha muda. Wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni mawakili wa Kanada, manotari wa Quebec na washauri waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, na majina ya washauri hao yako kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. La kwake nimelitafuta, halimo. Tena uongo ukigundulika ndani ya maombi, hata kama aliyeuandika ni yeye na wewe ulisaini tu, utakayefungiwa miaka mitano ni wewe.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Nitaifanya kwa umri wako wa miaka 28, shahada yako ya uuguzi ya miaka minne, na hali yako ya kutokuwa na mke.

Mlango wa kwanza unataka alama 67 kati ya 100. Shahada inakupa 21, umri unakupa 12, na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hadi mitatu unakupa 11. Hizo ni 44, na zilizobaki lazima zitoke kwenye lugha, maana mengine yanayohesabiwa huna: huna mwajiri wa Kanada, hujasoma huku, na ndugu wa kuhesabika huna. Najua hapo utashtuka. Kwetu mimi ni kaka yako, nimekulia mgongoni mwa mama yako na sijawahi kukuita kwa jina jingine zaidi ya mdogo wangu, lakini fomu ya Kanada inamtambua ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, inamtambua mjomba, shangazi na mpwa, ila mtoto wa mama mkubwa haimtambui kabisa. Kwenye karatasi zao mimi na wewe ni majirani tu.

Basi ni lugha. Vipimo vya Kanada vina viwango, na kiwango cha 9 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza kinakupa alama 6 kwa kila kimoja, jumla 24. Unafika 68. Kiwango cha 8 kinatoa 5 kwa kila kimoja, jumla 20, nawe unabaki na 64, nje ya mlango. Ukiteleza kipengele kimoja tu utapita kwa 67 kamili, ukiteleza viwili umekwama. Watu watakwambia kwamba kiwango cha 7 kinatosha, na ni kweli ndicho kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, ila kwa mtu mwenye sifa zako kuruhusiwa huko hakumfikishi popote.

Ukishaingia, unapangwa na wenzako kwa hesabu nyingine yenye jumla ya alama 1,200. Humo umri wako unakupa 110, shahada 120, Kiingereza cha kiwango cha 9 kinakupa 124, halafu kuna alama za kuunganisha sifa: shahada ikiungana na Kiingereza hicho unapata 25, na uzoefu wa miaka mitatu ukiungana nacho unapata 50. Jumla 429. Hebu sasa shusha kuandika peke yake kwa nusu, kutoka 7.0, ambayo ndiyo kiwango cha 9, hadi 6.5, ambayo ni kiwango cha 8, katika IELTS, mtihani wa Kiingereza utakaoufanya. Alama za lugha zinapungua 8, jambo ambalo mtu angeweza kulivumilia, lakini zile za kuunganisha zinashuka kutoka 75 hadi 38, kwa kuwa zinataka vipengele vyote vinne viwe kiwango cha 9. Nusu hiyo moja imekula alama 45. Mimi ndiyo iliyonirudisha nyuma mwaka mzima. Nilisoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, nikaingia kwenye chumba cha mtihani bila kufungua kitabu, nikapata 6.5 ya kuandika na 8.0 ya kusikiliza, nikalipa ada upya.

Katika IELTS, fanya ule mtihani wa General Training, si wa Academic. Sehemu yake ya kuandika ina kazi mbili ndani ya dakika 60: barua ya maneno yasiyopungua 150, na insha ya maneno yasiyopungua 250. Barua yenyewe ni ya mambo madogo, kama vile kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, na hapo ndipo sisi tunapoangukia, kwa sababu tumefundishwa kuanza na salamu ndefu na kuzunguka mbuyu kabla ya kusema bomba linavuja. Msahihishaji anatafuta jambo katika sentensi ya kwanza na anatafuta kama umejibu vipengele vyote vitatu vya swali. Andika barua moja kila siku ukitoka zamu, kwa mkono, saa ikiwa mezani, kisha umpe mtu mkali aisome. Nitumie mimi.

Kuhusu uzoefu, mwaka ule uliojitolea pale kituo cha afya kabla ya kupata mkataba usiuingize. Najua uliamka saa kumi na moja na kupokea wajawazito kama mwajiriwa yeyote, na linaniuma kukwambia hivi, lakini kazi isiyo na mshahara haihesabiwi. Hesabu yako inaanza Januari 2024 ulipolipwa kwa mara ya kwanza, hivyo miaka mitatu inatimia Januari 2027, nawe utafika miaka 30 mwaka 2028. Hicho ndicho kipindi chako. Ukiingia na miaka miwili ya uzoefu, unapoteza alama 25. Ukichelewa, umri unaanza kumega, kwani 110 inakuwa 105 ukifika miaka 30, na 99 ukifika 31. Usikimbie sasa, na usilale.

Barua ya mwajiri ianze kuandaliwa mapema kwa sababu ofisi zetu zina barua ya aina moja tu, ile inayosema mtajwa hapo juu ni mtumishi wetu, mwadilifu, mchapakazi, tunamtakia kila la heri, halafu muhuri mkubwa wa bluu unaofunika saini. Barua hiyo haina inachothibitisha. Inayotakiwa iseme cheo chako, tarehe ya kuanza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na posho kwa mwaka, na kazi unazozifanya hasa wodini, zikilingana na maelezo ya muuguzi aliyesajiliwa katika orodha ya kazi ya Kanada, msimbo 31301. Mwandikie katibu wa afya rasimu mwenyewe, umpelekee kwa heshima, naye ataipitisha.

Vyeti vyako vitapimwa na taasisi kama World Education Services, na matokeo ya mitihani yako hayatoki mkononi mwako. Chuo ndicho kinachoyatuma. Chuo changu kilinizungusha miezi minne kwa kila aina ya kisingizio. Anza na hilo sasa, kwani tathmini hiyo inadumu miaka mitano, wakati matokeo ya lugha yanadumu miwili tu. Na kabla hujaanza, weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, kitambulisho cha NIDA na pasipoti, usome majina herufi kwa herufi. Jina la babu yetu, kwangu, liliandikwa kwa "l" kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa "r" kwenye cheti cha chuo, jambo ambalo Usukumani hakuna anayelishangaa, lakini huku nilikuwa watu wawili mpaka nilipokula kiapo mbele ya wakili.

Fedha za kujikimu kwa mtu mmoja zimezidi dola 15,000 za Kanada, na ada ya maombi pamoja na haki ya ukaazi wa kudumu mwaka 2025 ilikuwa dola 1,525. Zile za kujikimu hulipi mtu. Unaonyesha kwamba unazo, kwa barua ya benki inayotaja wastani wa miezi sita. Mchango wa ukoo uliotumbukizwa wiki moja kabla hauwezi kuupandisha sana wastani huo, na mkopo haukubaliwi. Kwa hiyo kama kiwanja kitauzwa siku moja, kiuzwe kwa ajili ya akaunti yenye jina lako, kwa wakati wake, na fedha zibaki humo.

Nirudi kwenye 429. Wanaoalikwa kuomba ukaazi huchaguliwa kwa droo, na kila droo ina alama ya chini ya kualikwa. Mwaka 2025 droo za kundi la afya zilikata kwenye 510 mwezi Mei na 475 mwezi Julai, kwa hiyo bado una pengo, na nisingekuwa nakupenda kama ningelificha. Shahada ya uzamili ingekufikisha 469, ila inakula miaka uliyonayo michache. Njia ninayoiona ni Kifaransa. Ukifika kiwango cha 7 katika vipengele vyote vinne, unaongezewa 62 na kuwa na 491, na zaidi ya hapo unaingia katika droo za wanaojua Kifaransa, ambazo Februari 2024 ziliwahi kushuka hadi 336 na Machi 2025 zilikata kwenye 379. Si lugha ya kujifunza kwa video za usiku, itakuchukua mwaka na zaidi wa kazi ya kila siku, lakini mpangaji wenu wa Bujumbura anaizungumza tangu utotoni, na mama mdogo anaweza kumpunguzia kodi ya chumba kwa saa moja ya somo kila jioni. Hiyo ndiyo fedha ningeitoa kabla ya shilingi moja kwenda kwa wakala.

Leseni ya uuguzi ni safari nyingine: ukaazi haukupi ruhusa ya kugusa mgonjwa mpaka chombo cha uuguzi cha jimbo kikupe usajili, na mtihani wa leseni ya wauguzi, NCLEX-RN, uko njiani. Hilo tutaliandikia barua yake.

Jumapili nipigie saa tatu usiku ya huko, mama mdogo akiwa karibu. Vyeti vyote viwe mezani, nami nitakuwa na kalamu nyekundu kwa ile barua ya bomba.

Kaka yako,
Winnipeg