Vipimo viwe sawa Dar mpaka Zambia

Mhariri, nakusoma nikiwa huku Uyole, Mbeya. Mabasi ya mikoani siku hizi yana VTS, kile kifaa kinachowaonyesha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, spidi ya gari, dereva akipitisha kilomita 80 kwa saa kinaanza kulia tii tii tii mpaka abiria wa siti za nyuma wanasikia, na kusema kweli mi nakipenda ingawa kinaua usingizi. Ila nani anatupimia kimesaidia kiasi gani? Maana ajali zikipungua utasikia ni kifaa, zikiongezeka ni mlima, ni ukungu, ni breki.

Wenzetu wa Ulaya, Marekani na Japani walikaa pamoja wakaandika mwongozo mmoja wa kupima athari za magari yanayojiendesha, toleo la pili likatoka 2018, ili majaribio ya nchi moja yalinganishike na ya nyingine. Wanaangalia usalama, foleni, mafuta, moshi, hadi watu wanabadilishaje safari zao.

Sasa huku kwetu lori linatoka bandarini Dar, linapanda Kitonga, linashuka Iwambi, linavuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo, dereva ni yuleyule, kwa nini kila nchi ihesabu ajali na masaa ya foleni kivyake? SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, si wapo, waanze na njia hii tu, na namba za kabla ya kufunga mfumo wowote kama VTS ziandikwe kwanza maana vifaa vikishafungwa hutazipata tena. Halafu watuwekee hadharani, hata kwenye gazeti lako.

Msomaji, Mbeya