Kipimo cha kwanta hakingoji macho ya mtu

Ndugu Mhariri,

Makala ya wiki iliyopita katika ukurasa wenu wa sayansi ilidai fizikia ya kwanta, inayohusu chembe ndogo mno kama elektroni, imethibitisha kuwa fikra za binadamu ndizo zinazoumba uhalisia. Ninafundisha fizikia sekondari, na maneno hayo hayo niliyasikia mwaka jana kwa shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari. Alikuwa ametoka kwenye semina alikoambiwa kuwa elektroni hubadilika ikitazamwa, kwa hiyo na sukari yake inapanda kwa kuwa anaiwaza. Akawa anajilaumu. Wiki tatu hakupima, akihofu kwamba kuiona namba ndiko kutakakoipandisha.

Kosa linaanzia kwenye neno "kutazama". Ni kweli, elektroni zikipitishwa moja moja kwenye kizuizi chenye mianya miwili, alama zake hujipanga kwa milia, kama mawimbi yaliyokutana. Ukiweka kifaa cha kujua kila moja imepita mwanya upi, milia inatoweka. Lakini kinachoiondoa ni kifaa kuingiliana na elektroni. Funga maabara ukalale, usisome chochote, milia haitarudi.

Nawasimulia wanafunzi wangu jaribio lililofanyika Vienna na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2004. Watafiti walirusha molekuli zenye atomi 70 za kaboni kila moja, zikapita kwenye nyavu nyembamba mno na kuonyesha milia. Kisha wakazipasha moto kwa leza kabla hazijafika kwenye nyavu. Molekuli yenye joto kali hutoa mwanga kama kaa la moto, na mwanga huo huondoka na habari ya mahali molekuli ilipo. Kadiri joto lilivyozidi, milia ilififia, mwishowe ikapotea. Hakuna aliyeukusanya mwanga ule wala kuusoma. Ulitawanyika tu ndani ya mtambo, na hiyo ilitosha.

Sisemi kwamba wazo la fahamu ya mtu kuamua matokeo ya kipimo halikuwahi kuwa na mtetezi wa maana. Eugene Wigner, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 1963, alilitetea mwaka 1961, halafu miaka ya baadaye akaliacha mwenyewe, baada ya mwanafizikia Mjerumani Dieter Zeh kuonyesha jinsi mazingira yanavyokiingilia kila kitu kikubwa bila kukoma. Bado kuna swali gumu: kwa nini kila kipimo hutupatia jibu moja na si jingine? Hapo wanafizikia hawajaafikiana mpaka leo. Lakini kutoka kwenye ubishi huo hadi kumwambia mgonjwa kuwa mawazo yake yanaamuru damu yake ni mruko ambao hakuna jaribio hata moja linaloubeba.

Wala akili si kitu cha kudharau. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, alimwandikia mwanafalsafa Mfaransa Descartes akimuuliza roho isiyo na umbo inausukumaje mwili. Kwangu mimi hakuna aliyeliuliza swali hilo vizuri kumshinda, na majibu ya Descartes hayakumridhisha. Leo sehemu yake tunaijua. Mtu akiingiwa na wasiwasi, mwili humwaga homoni, ini huachia sukari, na damu huipokea. Kwa hiyo shangazi alikuwa na haki ya kuhisi kwamba mawazo yake na sukari yake vinahusiana. Vinahusiana kwa njia ya tezi, ini na mishipa, njia ambayo daktari anaweza kuifuata na kuitibu, na ambayo haimfanyi mgonjwa kuwa mkosaji. Tusichokijua ni kwa nini wasiwasi ule, ukiwa ni kazi ya neva na kemikali, unamuuma mwenyewe kwa ndani. Hilo ndilo ningependa ukurasa wenu uliandikie kwa kirefu, maana wasomaji wenu wanaliweza.

Kwa sasa naomba mambo mawili. Makala ile isahihishwe, na masahihisho yatoke ukurasa ule ule. Pili, waandishi wenu watumie neno "kipimo" wanapoandika juu ya kwanta, waliache "mtazamaji". Anayekwenda zahanati kupima malaria haambiwi kwamba jicho la mtaalamu wa maabara ndilo lililomletea vijidudu.

Shangazi amerudi kliniki na sasa anapima kila asubuhi.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro