Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na habari za vikao anazo katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja. Mwaka huu katika vikao vya kusoma tulimfuatilia Aleksandr Kibrik, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Moscow, na alichotufundisha kinatugusa moja kwa moja sisi wakusanyaji wa msamiati.

Kibrik alizaliwa mwaka 1939, na ujanani alisomea Kigiriki na Kilatini. Mwaka 1967 alifunga safari na wanafunzi wake hadi Dagestan, kwenye milima ya Kaukazi kusini mwa Urusi. Safari hizo ziliendelea miaka mingi, kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa sarufi ya Kikhinalug, lugha ya kijiji kimoja cha Azerbaijani. Mwaka 1977 ikatoka sarufi ya Kiarchi, juzuu nne nzima, kwa lugha ya watu elfu moja na ushei wanaoishi Archib, kijiji cha Dagestan, na vitongoji vyake. Alifariki mwaka 2012.

Kiarchi kilitushika kwa sababu nacho kina ngeli. Ziko nne: ya wanaume, ya wanawake, na mbili zinazogawana wanyama na vitu. Kwa Kiarchi mwenye kupenda hasemi "mimi", husema "kwangu". Mwarchi akisema anampenda baba yake, neno hilo la "kwangu" huwa *wez*. Akimpenda mama, ni *dez*. Akipenda punda, *bez*; akipenda kitoto cha mbuzi, *ez* tu. Yaani hata neno linalomtaja msemaji mwenyewe hufuata kile anachokipenda! Tulikaa na mfano huo jioni nzima, kila mtu akiujaribu kwa *wangu, changu, yangu*. Kibrik alipiga hesabu akaona kitenzi kimoja cha Kiarchi kinaweza kuzaa maumbo 1,502,839. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa kupita njia. Lazima ukae chini na wenye lugha, uulize, urudi tena kuuliza.

Sasa tazameni majina ya waandishi wa juzuu zile za Kiarchi. Pamoja na Kibrik na wenzake Kodzasov na Olovyannikova yumo Samedov, ambaye ni Mwarchi mwenyewe. Jina lake liko miongoni mwa waandishi, mahali panapomstahili.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Kijitabu chetu cha maneno ya mafundi wa majahazi kilitoka bila jina la fundi hata mmoja. Ni wao waliotushika mkono kutuonyesha mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ni wao waliosimama juani kutueleza foromali, mti unaobeba tanga, hufungwaje. Nilipompelekea mzee mmoja nakala yake, aliipekua mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi niko ukurasa gani?" Sikuwa na la kumjibu. Kosa lile ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeidhinisha kipigwe chapa, na mafundi wote nimekwenda kuwaomba radhi.

Kwa hiyo naleta hoja mbili mbele yenu. Kwanza, kijitabu kile kichapishwe upya, na majina ya mafundi walioridhia yawekwe kwenye jalada pamoja na yetu. Pili, kuanzia leo kila daftari la ukusanyaji lifunguliwe kwa jina la msemaji na ridhaa yake, kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Naomba mzijadili, kisha tupige kura.

Mwenyekiti