Kwa walimu vijana wa darasa la kwanza na la pili

Wanangu walimu,

Marahaba. Wengi wenu mmekuja kwangu kulalamikia ukubwa wa madarasa, na mna haki. Mwaka 2016, mpango wa elimu bila malipo ulipoanza, nilikuwa nafundisha darasa la kwanza huku kwetu Usukumani. Watoto 120, wengine wamekaa sakafuni. Kwa hiyo mwalimu akiniuliza, "Mzee, hawa wote nitawajuaje?" simwoni mvivu. Wanajulikana, ila si kwa siku moja.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini. Tulichukuliwa tumemaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tukifundisha. Tulijua kuandika azimio la kazi na andalio la somo, yaani mipango ya kufundishia. Kwenye andalio kuna nafasi ya kujaza walioandikishwa wangapi, waliohudhuria wangapi, wavulana na wasichana. Nilizijaza kila siku, nikaamini nawajua wanafunzi wangu.

Kisha nikampata Kulwa. Nyie mliotoka mikoa mingine, mjue kwamba kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuatia mapacha ni Shija. Kila asubuhi nikifika kwenye jina lake nilimtania: "Kulwa, Doto umemwacha wapi?" Darasa likacheka. Yeye aliinama. Wiki ya tatu hakuonekana tena, nami nikamwandika mtoro siku baada ya siku. Nilipokwenda kwao nilikwenda kwa hasira, kushtaki. Bibi yake hakubishana nami. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi dogo. Doto alifariki masika iliyotangulia.

Nilimwomba mtoto msamaha palepale, bibi yake akisikia. Alirudi shule, lakini muhula mzima ulipita kabla hajanyoosha mkono darasani. Nimestaafu na jambo hilo bado linaniuma.

Ndiyo maana nawasihi muanze na majina, na muyaulize pembeni, si mbele ya wenzake. Nyumbani wanakuitaje? Nani alikupa jina hilo? Chausiku atakwambia alizaliwa usiku, Mabula atakwambia mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto aitwaye Shida au Tabu, pengine mama yake alipitia mambo asiyopenda kuyasimulia, hapo usichimbe. Wapo pia watoto wa darasa la kwanza wasiolijua kabisa jina la kwenye daftari. Unaita, haitiki, unaandika hayupo, naye amekukodolea macho dawati la mbele. Zungumzeni na watoto watano kwa siku, wakati wa mapumziko au wanapofagia uwanja. Darasa la watoto 120 mtalimaliza kwa siku 24 za shule, wiki tano hivi. Mnachosikia kiandikeni kwenye kidaftari chenu wenyewe, kisichokaguliwa na mtu.

Daftari la mahudhurio nalo lisomeni kama barua. Tumezoea kujumlisha mwisho wa mwezi na kupeleka kwa mwalimu mkuu. Fuateni mstari wa mtoto mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Anayekosekana kila siku ya mnada, huenda baba ameondoka na yeye ndiye aliyebaki na ng'ombe. Anayepotea mpunga ukianza kujaa, yuko shambani anaamia ndege. Ukiwa mwalimu wa zamu na umesimama getini asubuhi, muulize anayechelewa ametoka wapi na ameamkia kazi gani. Fimbo, kwa kanuni zetu, ni ya mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Si ya kila aliye zamu. Na hata ingekuwa yako, haijawahi kumwambia mwalimu mtoto amelala wapi.

Mtoto anayenyamaza msimwite mjinga. Wengi huku wanafika shule wakiwa na Kisukuma tu. Jifunzeni walau salamu. Mwalimu mgeni akisema "mwangaluka" asubuhi, mtaona nyuso zinavyofunguka.

Nendeni majumbani, na ziara ya kwanza isiwe ya mashtaka wala michango. Wazazi wakiona mwalimu anakuja, wanajua ama mtoto amekosa ama pesa inatakiwa. Nenda siku ambayo huna unachodai. Kaa kwenye kigoda utakachopewa, kunywa maji, mwambie mama jambo moja zuri uliloliona kwa mwanawe. Mengine atakueleza mwenyewe.

Hapa nitakuwa mkali. Mkishayajua ya watoto, msiyapeleke ofisini kuwa mazungumzo ya chai. Nimeshuhudia habari za baba mlevi zikitoka ofisi ya walimu hadi kwenye midomo ya watoto wa darasa la saba kabla kengele ya saa nne haijagongwa. Aliyeumia ni mtoto. Lakini ukigundua anapigwa kupita kiasi au anachezewa mwili wake, usikae na siri hiyo hata usiku mmoja. Mwone mwalimu mkuu, na afisa ustawi wa jamii aarifiwe.

Shule zikifunguliwa, mtakaposhika daftari jipya, anzeni na wale wa dawati la nyuma karibu na mlango.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Usukumani